Wakili Mwaminifu Anajulikana Siku ya Ugonjwa

Masomo: Luka 16:1-13, 2 Wafalme 5:20-27, 1 Samweli 12:1-5



Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya neno moja la Biblia ambalo wengi wanalipita haraka: neno wakili. Leo mtu akisikia wakili anafikiri avoka wa tribinali. Lakini katika Injili ya Luka, wakili ni mtu aliyewekewa mikononi mali ya mwingine. Mali si yake. Anaingiza, anatoa, anaandika, na siku moja mwenye mali anamwita ili aeleze mambo yote alivyoyafanya. Watu wa muziki na wa michezo wanamwita manajeri. Wafanyabiashara wa Butembo wanamwita komisioneri. Katika korali tunamwita mtunza sanduku. Majina ni mengi, kazi ni moja.

Sasa tunauliza: wakili mwaminifu tunamjua namna gani? Watu wengi wanajibu, tunamjua siku ya faida. Sisi tunasema hapana. Siku ya faida kila mtu anacheka, kila mtu anashika mkono wa mwenzake mbele ya picha. Wakili anajulikana siku ile mwenye mali amelala, hawezi kuhesabu, hawezi kusoma vizuri karatasi unayomwekea mbele. Ili tuelewe jambo hili, tuangalie habari iliyoanza hapa katika nchi yetu.

1. Kinshasa, mwaka wa 1974

Wazee wetu wanakumbuka mwaka ule, wakati nchi ilikuwa inaitwa Zaire. Tarehe 30 Oktoba 1974, ikiwa saa kumi za usiku kule Kinshasa na huku kwetu tayari saa kumi na moja, watu karibu 60 000 walikuwa wamejaa katika stadi ya 20 Mai, ile inayoitwa leo stadi Tata Raphaël. Saa ile ya usiku ilichaguliwa ili watu wa Marekani waweze kutazama jioni yao. Muhammad Ali, mwenye miaka 32, alikuwa anapigana ngumi na George Foreman, kijana wa miaka 25 ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemshinda. Stadi nzima ilikuwa inapiga kelele kwa Kilingala, Ali boma ye. Katika mzunguko wa nane Foreman akaanguka, na Ali akarudishiwa ufalme wa dunia katika mchezo huo.

Aliyeunganisha mambo yale alikuwa Don King, Mmarekani mweusi wa muji wa Cleveland. King alikuwa ametoka gerezani mwaka wa 1971, kisha kufungwa karibu miaka 4 kwa sababu ya kuua mtu. Mwaka wa 1972 alimwomba Ali aje Cleveland aonyeshe mchezo ili feza zisaidie hospitali ya watu weusi, na Ali akakubali. Ndivyo walivyoanza, kwa kazi ya huruma. Miaka 2 baadaye King aliwaahidi Ali na Foreman dola milioni 5 kila mmoja. Mwenyewe hakuwa nazo. Feza zikatoka upande wa Mobutu. Kabla ya siku ile hakuna mpiga ngumi aliyekuwa ameahidiwa malipo makubwa namna ile.

Tusimsingizie mtu. Kwa karatasi manajeri wa Ali alikuwa Herbert Muhammad, na King alikuwa mwenye kutayarisha mapigano na kutafuta feza. Lakini katika mapigano mengi makubwa ya miaka ile, tangu Kinshasa mpaka Manila mwaka wa 1975 na mbele zaidi, njia ya feza ilipita mikononi mwa King. Na tuseme pia jambo jema: King aliwaonyesha watu weusi kwamba mweusi pia anaweza kukaa mezani pale biashara kubwa inapokatwa, asiwe tu yule anayepigwa ngumi ulingoni. Jambo lile lilikuwa na heshima yake.

Mmarekani Leon Gast alipiga picha za siku zile zote za Kinshasa. Picha zilikaa miaka 22 kwa sababu ya ugomvi wa feza na haki, ndipo mwaka wa 1996 ikatoka filamu ya mambo ya kweli yenye jina When We Were Kings. Mwaka wa 1997 ilipata zawadi ya Oscar. Ndani yake unamwona Ali anacheka na watoto wa Kinshasa, unamwona King na nywele zake zilizosimama, anasema maneno mengi na matamu. Ukiitazama utafikiri hawa wawili ni ndugu wa tumbo moja.

Lakini habari ya filamu ile ni habari ya ushindi. Haikuhesabu feza za miaka iliyofuata. Na sisi wanadamu ndivyo tunavyopenda: tunafunga habari pale wimbo ungali mtamu. Mungu haachi hapo. Mwenye mali wa Luka 16 hakumwita wakili wake siku ya mavuno. Alimwita wakati habari mbaya zilipofika masikioni mwake, na hapo vitabu vikafunguliwa.

2. Las Vegas, mwaka wa 1980

Miaka 6 ikapita. Ali alikuwa na miaka 38. Alikuwa amepigwa sana kichwani na kwenye mafigo. Kabla ya pigano, madaktari wa Mayo Clinic walimpima, na katika maandishi yao kulikuwamo dalili ndogo katika usemi wake na katika kuruka kwa mguu mmoja. Walakini ruhusa ikatolewa. Tarehe 2 Oktoba 1980, kule Las Vegas, Ali akapigana na Larry Holmes, kijana ambaye zamani alikuwa anamsaidia katika mazoezi. Lilikuwa pigano la Don King. Ali alipigwa mizunguko 10 pasipo kuweza kurudisha ngumi ya maana. Holmes mwenyewe alilia baadaye, kwa sababu alikuwa anampiga mtu aliyempenda.

Ali alikuwa ameahidiwa dola milioni 8. Malipo yalipofika, yalipungua dola milioni 1 na elfu 170. Ali akapeleka kesi tribinali juu ya King. Ndiyo hapo urafiki wa Kinshasa ulipovunjika: watu wawili waliopigwa picha pamoja mbele ya dunia nzima, sasa wakasemezana kwa barua za maavoka.

Mwisho wa kesi ile ndio unaotusikitisha. Ni mwandishi wa habari Jack Newfield aliyeandika namna ilivyokwisha. Ali alikuwa hospitalini, mwili unadhoofika, maneno yanatoka kwa shida. King alimwita Jeremiah Shabazz, rafiki wa zamani wa Ali na mwalimu wa dini yake. Akampa valizi yenye dola elfu 50, feza taslimu, pamoja na barua ya kumaliza kesi. Shabazz akaenda mpaka kitandani. Ali akatia sahihi, akapokea valizi. Barua ile ilimpa King hata haki ya kutayarisha pigano lingine la Ali, kama lingekuwapo. Avoka wa Ali hakuwa ameambiwa neno. Aliposikia, akalia. Na Shabazz mwenyewe baadaye alijuta kwamba alisaidia kazi ile.

Ninyi wafanyabiashara mnajua hesabu, basi fanyeni hesabu. Deni ni dola milioni 1 na elfu 170. Kilichotolewa ni dola elfu 50. Kwa kila dola 1 aliyodai, Ali alipata chini ya senti 5. Tribinali haikuhukumu, kwa sababu kesi ilizimwa kabla ya hukumu. Kwa hiyo sisi pia hatuketi katika kiti cha hakimu. Lakini kila mtu mwenye mama mgonjwa anaelewa: karatasi iliyotiwa sahihi juu ya kitanda cha hospitali, mbele ya feza zinazoonekana, pasipo shahidi wa upande wa mgonjwa, karatasi ile ina jina baya hata kama wino wake ni mzuri.

Mwaka wa 1991 televizio PBS ya Marekani ilionyesha filamu nyingine ya mambo ya kweli, Don King, Unauthorized, aliyoifanya Newfield pamoja na wenzake. Ile ya Gast ni ya kicheko. Hii ni ya malalamiko ya wapiga ngumi. Na mwaka wa 2008 katika filamu Tyson, mpiga ngumi Mike Tyson, ambaye pia alikuwa miaka mingi mikononi mwa King, anasema kwa uchungu habari zake na yeye. Tyson alimshitaki King mwaka wa 1998 akidai dola milioni 100. Mwaka wa 2004 walipatana kwa dola milioni 14. Miaka 6 ya ugomvi. Wandugu, kesi ni mdomo mkubwa: inakula mshitaki na mshitakiwa pamoja.

3. Mikono mitatu karibu na mgonjwa

Ali alikuwa Mwislamu. Hatumleti mbele yenu kuwa mwalimu wa imani yetu. Tunamleta kama mfanyakazi aliyetoka jasho, na Yakobo katika barua yake, mlango wa 5, anafundisha kwamba mshahara uliozuiliwa unalia wenyewe mbele ya Mungu. Hakusema ni mshahara wa Mkristo tu.

Tukitazama vizuri watu waliomzunguka Ali katika miaka ya udhaifu wake, tunaona mikono mitatu.

Mkono wa kwanza ni mkono ulioandika barua. Daktari Ferdie Pacheco alikuwa upande wa Ali miaka mingi. Mwaka wa 1977, kisha pigano la Earnie Shavers, aliona kwamba mafigo yanaharibika. Akaandika barua, akapeleka kwa Ali, kwa mke wake na kwa watu wake wa kazi, akieleza hatari. Hakuna aliyemjibu. Ndipo akaondoka. Aliacha mshahara na picha za magazeti kuliko kuendelea kula katika kifo cha mtu. Huo ni mkono wa nabii. Nabii haambii mtu lile linalompendeza. Anamwambia lile litakalomponya, na kama hasikilizwi, yeye hashiriki.

Mkono wa pili ni mkono uliosimamisha. Angelo Dundee alimfundisha Ali kazi tangu mwaka wa 1960. Usiku ule wa Las Vegas, kisha mzunguko wa kumi, Dundee alisema basi, imekwisha. Wengine pale walitaka aendelee. Dundee alikataa. Alijua kwamba akisimamisha watasema amemnyima Ali nafasi ya mwisho. Afadhali waseme hivyo, na mtu abaki hai.

Mkono wa tatu ni mkono uliobeba valizi. Na angalieni, wandugu, huu haukuwa mkono wa adui. Ulikuwa mkono wa rafiki, mtu wa dini, mtu ambaye mgonjwa alimfungulia mlango pasipo kuuliza. Adui hangefika mpaka kitandani. Hapo ndipo penye hofu yetu kubwa. Shetani akitaka kumnyang'anya mtu dhaifu, anatafuta mkono ambao mtu yule amezoea kuushika.

Kila mmoja wetu ajiulize: mkono wangu ni upi?

4. Gehazi alikaa nyumbani mwa nabii

Sisi ni kanisa la manabii. Wazazi wetu hawakuletewa kanisa hili na meli. Walilipokea kwa maombi, kwa kufunga, kwa maono, kwa machozi ya usiku. Kwa hiyo habari ya Gehazi inatugusa sisi kuliko wengine.

Mnaijua. Naamani, mkuu wa jeshi la Shamu, alikuwa na ukoma. Alikuja na mizigo ya feza na nguo. Elisha akamponya kwa neno la Mungu, akakataa kupokea hata kitu kimoja. Naamani akaondoka na furaha. Lakini Gehazi, mtumishi wa nabii, alitazama ile mizigo inavyokwenda, moyo wake ukaifuata. Akakimbia nyuma ya gari. Akasema bwana wake amemtuma, eti wamekuja vijana wawili wa manabii, wanahitaji talanta moja na nguo. Naamani akampa talanta mbili kwa moyo mweupe. Gehazi akaficha, akarudi, akasimama mbele ya Elisha kama mtu ambaye hakutoka. Na ukoma wa Naamani ukamshika yeye.

Gehazi hakuiba katika sanduku la Elisha. Elisha hakupungukiwa hata senti moja. Aliiba kitu kingine: jina. Alichukua jina la nabii akalifanya biashara. Naye Naamani, mgeni aliyetoka tu kumjua Mungu, alirudi kwake akifikiri kwamba uponyaji wa Mungu wa Israeli una bei, ila bei inaletwa nyuma, kwa siri.

Tuseme waziwazi. Mtu yeyote anayesimama mlangoni mwa nabii au wa mchungaji, akamwambia mama mgonjwa kwamba kabla ya kuombewa lazima aone kwanza yeye mwenyewe kidogo, huyo ni Gehazi. Mtu anayepeleka simu yake mwenyewe ili feza za shukrani zipite kwa M-Pesa yake au Airtel Money yake, na kanisa halijui, huyo ni Gehazi. Mtu anayemzunguka mtumishi wa Mungu mzee, aliyepungukiwa macho na masikio, akamletea karatasi za shamba au za kiwanja cha kanisa atie kidole, naye haelezwi kilichoandikwa, huyo anabeba valizi. Na wana wa Samweli? Biblia inasema katika 1 Samweli 8 kwamba walipokea rushwa wakati baba yao alikuwa amezeeka. Hawakuthubutu alipokuwa na nguvu. Walingoja uzee wake.

5. Hapa kwetu Bulengera

Jambo hili si la Marekani peke yake, wala la zamani peke yake.

Tuna korali zetu. Vijana wanaimba, wanatoka jasho, wanaacha masomo na mashamba siku za mazoezi. Wimbo ukipendwa, anatokea mtu mwenye gari na maneno matamu. Anasema atalipa studio, atalipa picha za video, atawapeleka mpaka Kampala. Wanatia sahihi kontra ambayo hawajasoma. Kisha nyimbo zinauzwa, na kijana aliyezitunga hawezi kununua hata nyuzi za gitaa lake. Akiuliza, anaambiwa hana shukrani. Kuuliza hesabu si kukosa shukrani. Hata Ali alimshukuru King kwa Kinshasa, na bado alikuwa na haki ya kuuliza juu ya Las Vegas.

Tuna pia wandugu zetu waliokimbia. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya upande wa Beni yamewasukuma watu wengi kuacha mashamba ya kakao na kahawa, wakaja hapa mjini na mtoto mgongoni. Wengine walimwachia jirani shamba. Wengine walimpa ndugu feza za kutunza. Wengine wanauza shamba kwa bei ya mkimbizi, kwa sababu mtoto ana njaa jioni hii, na mnunuzi anajua kwamba ana njaa. Hii ndiyo dengu ya Esau. Esau alikuwa mwenye haki ya mzaliwa wa kwanza mpaka njaa ilipomfikia. Na Yakobo, ndugu yake, alichagua saa ile ile ya njaa ili kufanya biashara. Tunalaumu Esau kwa kudharau haki yake, na ni vizuri. Lakini tusimsahau yule aliyekaa karibu na sufuria, akingoja.

Ewe uliyekabidhiwa shamba la mkimbizi: ungeweza kuwa mwenyeji wa Las Vegas ya mtu mwingine. Mrudishie hesabu ya mavuno kabla hajaja kuuliza. Ewe unayetunza feza za mjane: mwonyeshe daftari, hata kama hajui kusoma, ita mtoto wake amsomee.

6. Tufanye nini?

Wazee wa Kiswahili walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Biblia inakubaliana nao, na inatuonyesha njia.

Kwanza, tusiache mtu mmoja abebe feza peke yake. Paulo, mtume mkubwa, alipobeba changizo la kusaidia wenye shida, alitaka watu wengine waliochaguliwa na makanisa watembee naye, ili hata shaka isipate mahali pa kuingia. Mnaweza kusoma katika 2 Wakorinto mlango wa 8. Kama Paulo alijilinda hivyo, mtunza sanduku wa korali ni nani hata aseme, mniamini tu? Watu wawili wahesabu, wa tatu aandike, na kila mwezi isomwe mbele ya wote.

Pili, mtu mgonjwa, mzee au mwenye njaa asitie sahihi peke yake. Awe na shahidi wa upande wake mwenyewe: mke, mtoto mkubwa, mzee wa kanisa asiyepata faida katika jambo lile. Kama karatasi ni ya haki, haitaogopa jicho la tatu. Kama mwenye karatasi anasema lazima leo, lazima sasa, usimwambie mtu, basi ngojeni mpaka kesho.

Tatu, wale wanaofanya kazi pamoja waandike agano lao wakati wa mapendano, wasingoje ugomvi. Labani alibadilisha mshahara wa Yakobo mara 10 katika miaka 20, na Yakobo akatoroka kwa siri. Walipokutana mlimani walisimamisha mawe kuwa ushuhuda, wakala pamoja, kila mtu akaenda zake. Ni vizuri walipatana. Ingekuwa vizuri zaidi kama yale mawe yangesimamishwa mwaka wa kwanza.

Nne, ninyi viongozi, fanyeni kama Samweli. Alipokuwa mzee wa mvi alisimama mbele ya Israeli wote, akawataka waseme wazi kama amechukua ng'ombe au punda wa mtu yeyote, kama amemwonea mtu, kama amepokea kitu cha kumfumba macho. Watu wakajibu kwamba hakufanya hata moja. Samweli hakungoja kushitakiwa. Alifungua vitabu mwenyewe, akiwa hai, mbele ya wale waliomjua tangu utoto. Hiyo ndiyo heshima ya nabii, kupita viti vya mbele na magari.

7. Neno kwa aliyedhulumiwa

Labda wewe unayesoma ndiye uliyelala kitandani, na valizi imekwisha kuja na kuondoka. Ulitia sahihi. Umepoteza. Tunakuambia nini?

Kwanza, hukukosa akili. Ali alikuwa mwerevu wa maneno kuliko watu wote wa mchezo wake, na bado udhaifu wa mwili ulimshinda. Usijidharau.

Kisha, peleka neno lako mbele ya wazee wa kanisa kabla ya kwenda tribinali, kwa mashahidi wawili au watatu, kama Yesu alivyotufundisha katika Mathayo 18. Dai haki yako mchana, kwa sauti ya amani. Kusamehe hakukatazi kudai hesabu. Anayesema, nyamaza kwa sababu wewe ni Mkristo, mara nyingi ni yule ambaye daftari lake halisomeki.

Na mwisho, usiache chuki ikamalize kazi ambayo ugonjwa haukumaliza. Mwaka wa 1984 dunia ilijua kwamba Ali ana ugonjwa wa Parkinson. Miaka 12 baadaye, mwaka wa 1996, alisimama Atlanta mikono ikitetemeka, akawasha moto wa michezo ya Olimpiki. Mwaka wa 1997, filamu ya Kinshasa ilipopewa zawadi, George Foreman, aliyeangushwa na Ali mbele ya macho yetu, alimshika mkono akamsaidia kupanda ngazi. Ali alifariki tarehe 3 Juni 2016, na kati ya wale waliokuja Louisville kumsindikiza alikuwako Don King. Maiti haiulizi feza. Lakini walio hai wanaulizwa, na siku hiyo iko mbele yetu sote.

Wandugu, kila kitu tulicho nacho tumekabidhiwa: sauti ya kuimba, karama ya kuona maono, mtoto wa ndugu aliyeuawa, ufunguo wa sanduku, hata pumzi. Mwenye mali hajalala. Afadhali leo tufungue daftari kwa mkono wetu wenyewe.

Tuombe.

Bwana Mungu wa baba zetu, wewe uliyemwona Gehazi akikimbia nyuma ya gari, utuone sisi kabla hatujakimbia. Utupe mkono unaoandika kweli, mkono unaosimamisha mabaya, wala usituache tuwe mkono unaobeba valizi. Uwakumbuke wagonjwa, wajane, wazee na wakimbizi walio mikononi mwetu. Uturehemu, utulize nchi yetu, na siku ile utakapotuita na vitabu vyetu, tusitafute mahali pa kujificha. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.